Vumbi la Mashati

Tumetoka Igoma saa kumi na moja, giza bado bichi,
mimi kwenye usukani, Ndaki kando na fimbo yake,
nyuma dumu la maji, sato wanne wa kukaanga ndani ya gazeti,
na jeki ambayo sijawahi kuishika
ila mbele ya Mwalimu Byabato, siku ya mtihani,
nikiwa na miaka hamsini na mitatu,
vijana wakinicheka chinichini.

Miaka ishirini na tisa aliwaendesha wageni hifadhini.
Mimi nililetewa vumbi.
Kila mwisho wa mwezi, mashati sita ya kaki,
kola nyeusi, mifuko ina mchanga na mbegu za nyasi.
Naloweka, nafikicha, maji yanatoka rangi ya chai,
nayamwaga kwenye mchicha.
Serengeti yangu ilikuwa beseni.

Kisesa. Nyanguge.
"Weka gia ya nne," anasema, "injini inalia."
Anaisikia. Sukari imemla macho yote mawili,
sikio imeliacha, sikio la dereva.
Magu ameitambua kwa matuta:
"Moja, mbili, tatu. Kulia sasa, yule mama wa karanga."
Hakuna mama wa karanga. Kuna kituo kipya cha mafuta.
"Yupo," nasema. "Anakupungia mkono."
Naye akapunga.

Kushoto ziwa linatokea, linapotea, linatokea tena,
kama mgeni anayesindikizwa
akakumbuka neno jingine kila mlipoagana.

Lango la Ndabaka, tunasubiri namba ya malipo.
Mtandao unazunguka. Nusu saa chini ya bati.
"Zamani hapa walinipigia saluti," anasema Ndaki.
"Kitambulisho, mzee," anasema kijana.

Kisha sauti ya matairi ikabadilika,
na mume wangu akakaa wima
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Huu ni udongo mweusi. Ukilowa, usikanyage breki,
uache gari lifikiri lenyewe."
Mbung'o wakaingia dirishani. Akajipiga shingoni, akatabasamu.
"Hawa hawajanisahau."

"Unaona nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilipanga simba,
nilipanga nyumbu elfu, mto, mamba.
Lakini nyumbu wameshahamia kaskazini
na uwongo wa karanga ulikuwa bado kooni.
"Nyasi," nikasema.
"Na nini?"
"Nyasi, Ndaki. Na kivuli cha wingu kinazipita,
kinakwenda polepole, mbele yake njano, nyuma yake njano."
Akanyamaza, nikadhani nimemwumiza.
"Hicho," akasema, "hakuna mgeni aliyewahi kuniambia nisimamishe gari atazame."
Nikasimamisha gari.

Pancha tuliipata karibu na Mbalageti.
Nilishuka nikitetemeka, nikitazama kichaka, nikitazama jeki,
nikimwita Byabato kwa majina ambayo hakubatizwa.
Ndaki alishuka pia, akaegemea mlango,
nikawa nampa nati moja moja, anazihesabu kiganjani.
Tairi likaingia. "Nipe."
Akanipa nne.
"Na ya tano?"
"Labda imeanguka."
Nikapapasa nyasini kwa magoti, muda mrefu,
nikauona ule udongo kwa karibu,
ulivyopasuka, sisimizi wakivusha mbegu juu ya nyufa,
harufu yake, ile ile ya mashati,
ila hapa ilikuwa hai, ina joto.
Nati sikuipata. "Nne zitatufikisha Lamadi," akasema,
na zikatufikisha.

Usiku, Igoma, nimeloweka mashati mawili.
Maji yametoka rangi ya chai.
Kwenye mfuko wake wa kifua,
kati ya mbegu na mchanga, kidole kikagusa chuma.

Yeye yuko ndani, anasikiliza taarifa ya habari.
Sijamwuliza.
Nimeiweka dirishani, ikauke.